Haha, okaasan au mama: uchague neno lipi kumtaja mzazi wako kwa Kijapani

Kwa Kiswahili, mama ni wa nani tunajua kwa kusikiliza mwisho wa neno: mamangu, mamako, mamake. Mjapani hauhitaji mkia huo. Akisema *haha*, amekwisha kukuambia kuwa ni mama yake mwenyewe. Akikuuliza habari za *okaasan*, anakusudia mama yako wewe. Neno zima ndilo linalobadilika, na kwa anayejifunza lugha hiyo ugumu unaanzia hapo, maana kamusi humpa maneno yote mawili kwa maana moja tu, "mama", kisha ikamwacha achague mwenyewe.

Na si mawili tu. Yapo pia *kaasan*, *kaachan*, *mama*, *ofukuro*, *okan*, *hahaoya*, *hahaue*, *okaasama*, na mengine ya barua na ya mahakamani. Wanafunzi wengi huyapanga kwa kipimo cha mapenzi au cha adabu, kwamba hili ni la upole zaidi na lile ni la heshima zaidi, na kipimo hicho kinawapoteza. Kinachoamua ni nani anayesikiliza, na kama yumo ndani ya ua wa nyumba yako au yuko nje. Wajapani wenyewe wana maneno ya pande hizo mbili, *uchi* kwa ndani na *soto* kwa nje, na adabu yao nyingi ya lugha imejengwa juu ya mpaka huo.

Haha na okaasan

Haya ndiyo mawili ya kujifunza kabla ya yote, na yanajifunzwa pamoja kwa sababu kila moja linaishia pale mwenzake anapoanzia.

*Haha* hutumika unapomzungumzia mama yako kwa mtu wa nje: mwalimu, mwajiri, daktari, jirani mpya. "Haha wa kyoushi desu", mama yangu ni mwalimu. Huhitaji kuongeza "yangu". Wala humwiti mama yako *haha* akiwa mbele yako, kwa kuwa neno hili ni la kutaja tu.

*Okaasan* lina kazi mbili. Ya kwanza ni kumwita mama yako mwenyewe: unafika nyumbani, unabisha mlango, unaita "Okaasan!" Ya pili ni kumtaja mama wa mtu mwingine: "Okaasan wa ogenki desu ka", mama yako hajambo? Ile *o-* ya mwanzo na *-san* ya mwisho ni alama za heshima, na heshima hiyo huelekezwa kwa unayezungumza naye au kwa nyumba yake.

Kwa mtu aliyelelewa kwa Kiswahili, jambo hili linakwenda kinyume na malezi. Kwetu, kijana anayemtaja mama yake kwa heshima mbele za watu husifiwa kuwa kalelewa. Huko, mtu mzima anayemwambia mwajiri "watashi no okaasan" huonekana bado mtoto, kwa sababu amempamba mtu wa nyumbani kwake mbele ya mgeni, na mgeni ndiye aliyestahili pambo. Kumtaja mama kwa neno tupu, *haha*, lisilo na *o-* wala *-san*, ni kuishusha nyumba yako ili uiinue ya mwenzako. Mapenzi hayapungui hata chembe. Vijana wa Kijapani wenyewe hulijifunza hili kwa kusahihishwa na wakubwa, na wanapojiandaa kwa usaili wa kazi ya kwanza huambiwa tena na tena: sema *haha*, usiseme *okaasan*. Kwa hiyo mgeni anayekosea hapa amekosea mahali ambapo wenyeji nao hukosea, na husamehewa upesi. Anayepatia huonekana mara moja kuwa amefunzwa.

Mfano mzuri kuliko yote ni Siku ya Mama, inayoangukia Jumapili ya pili ya Mei. Jina la siku yenyewe ni *Haha no Hi*. Maua mekundu yanauzwa kila kona, na kadi iliyofungwa juu yake imeandikwa "Okaasan, itsumo arigatou", mama, asante siku zote. Siku inatajwa, kwa hiyo *haha*. Mama anaambiwa, kwa hiyo *okaasan*. Ukiielewa kadi hiyo, umeelewa zaidi ya nusu ya mambo niliyoandika hapa.

Umri wa maneno haya nao unaeleza mengi. *Haha* ni la kale mno. Zamani halikutamkwa kwa "h" ya leo; midomo ilikaribiana kila mara, karibu na *fafa*. Ushahidi wake umo katika kitendawili. Mkusanyiko wa mwaka 1516 unaobeba jina la Go-Nara, aliyekuja kuwa mfalme, unatega hivi: kwa mama tulikutana mara mbili, kwa baba hata mara moja hatukukutana. Jibu ni midomo. Leo ukisema *haha* midomo haikutani kabisa, na kitendawili kimekufa, lakini wanaisimu wanakithamini kwa sababu kimehifadhi sauti ambayo maandishi ya Kijapani peke yake yasingeionyesha.

*Okaasan*, kwa upande wake, limeenea kitaifa karne ya 20. Kabla ya hapo kila eneo na kila tabaka lilikuwa na lake. Huko Tokyo watoto wengi walisema *okkasan* au *okkaa*, na miongoni mwa maneno ya watoto lilikuwemo *kaka*, ambalo msomaji wa Kiswahili lazima alitazame mara mbili. Vitabu vya kusomea vya serikali, vilivyoanza kutumika shuleni mwaka 1904, viliweka *otousan* kwa baba na *okaasan* kwa mama, na darasa baada ya darasa yakawa maneno ya nchi nzima. Neno ambalo leo linasikika kama la asili kabisa, la jikoni na la kitandani, lilienezwa kwa ubao na chaki.

Katika kutamka, Mswahili ana bahati. Irabu ndefu tunazo, na tunaziandika kwa kurudia herufi, hivyo *kaa* ndani ya *okaasan* haitamsumbua. Hesabu mapigo matano: o-ka-a-sa-n. Sauti inapanda kwenye "ka" kisha inashuka. Asikubali tu mazoea yetu ya kukaza silabi ya pili kutoka mwisho yamharibie, wala asiongeze irabu baada ya "n". Na urefu usipuuzwe, maana jirani yake yumo *obasan*, shangazi au mwanamke wa makamo, na *obaasan*, bibi. Mwanamke wa miaka arobaini aliyeitwa bibi kwa sababu ya irabu moja hatafurahi. *Haha* ni rahisi zaidi: "ha" ya kwanza juu, ya pili chini.

Mama: sauti ni yetu, maisha ni mengine

Hili ndilo neno ambalo Mswahili hulikimbilia, na ndilo ninalomwomba alichelewe.

*Mama* la Kijapani lilitoka Ulaya, likaingia kwanza katika nyumba za mjini zilizopenda mambo ya kigeni. Mwaka 1934 Waziri wa Elimu, Matsuda Genji, alilaani hadharani desturi ya watoto kuita wazazi *papa* na *mama*, akiona inamomonyoa maadili ya Kijapani. Hakufanikiwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia neno lilizidi kuenea, na leo ni la kawaida kabisa kwa watoto wadogo. Nobita, yule mtoto mvivu wa katuni ya *Doraemon*, humwita mama yake *mama*, na hakuna anayeshangaa.

Lakini lina umri wake. Mvulana akishaanza shule huona haya kusikika na wenzake akiita *mama*, akahamia *okaasan* au *kaasan*. Wasichana hawasukumwi sana, na wanawake wengi wazima huendelea kuwaita mama zao hivyo nyumbani. Mwanamume mzima akilitumia mbele za watu huchukuliwa kuwa hajakatika ziwa.

Lina pia maisha ya usiku. Mwanamke anayemiliki au kuendesha baa ndogo, zile Wajapani wanazoziita *sunakku*, huitwa *mama* na wateja wake. Ni cheo cha kazi, na wengi wao ni watu wanaoheshimiwa mtaani, wanaojua siri za nusu ya wateja wao na kuzitunza. Sasa fikiria kijana wa kwetu, aliyefundwa kuwa kila mwanamke mtu mzima ni "mama", anamwita mama wa watu barabarani huko Osaka "Mama!" Nia yake ni heshima. Anachosikia yule mwanamke ni mtoto mdogo anayemtafuta mzazi wake, au mlevi anayeagiza kinywaji.

Na asije akadhani *baba* litamwokoa. *Babaa* kwa Kijapani ni tusi kwa mwanamke mzee.

Ndani ya maneno ya kuunganisha, hata hivyo, *mama* limepata uraia kamili. *Mamatomo* ni marafiki waliopatana kwa sababu watoto wao wanasoma pamoja. *Mamachari* ni baiskeli ile nzito ya kikapu mbele na kiti cha mtoto nyuma, inayoonekana kila mtaa. *Kyouiku mama* ni mama anayemsukuma mtoto wake kwenye masomo usiku na mchana, neno lililovuma miaka ya 1960 na ambalo si la kumsifu mtu. Hayo yote yatumie bila wasiwasi, kwa sababu humwiti mtu.

Kaasan, kaachan, ofukuro, okan

Maneno haya yanapendwa sana na wanaojifunza kwa anime, yaani katuni za Kijapani, na ninaelewa sababu: yana joto. *Kaasan* ni *okaasan* lililovuliwa *o-* yake, na ndilo linalowajaa midomoni vijana wa kiume kwenye hadithi. Eren wa *Shingeki no Kyojin* (Attack on Titan) analia *kaasan*. Ndugu wawili wa *Hagane no Renkinjutsushi* (Fullmetal Alchemist) wanamtafuta *kaasan*. *Kaachan* limelegea zaidi na lina harufu ya nyumba isiyo na makuu. Naruto husema *kaachan*, na mtoto mtundu wa *Crayon Shin-chan* vilevile.

*Ofukuro* lina historia ya kupanda na kushuka. Katika karne ya 15 lilikuwa neno la heshima kwa mama wa watu wakubwa. Leo ni la wanaume watu wazima, wakizungumza na marafiki au kaka zao. Mwanamke hulitumia kwa nadra sana. Limehifadhiwa pia katika msemo *ofukuro no aji*, ladha ya chakula cha mama, na chakula kinachotajwa mara nyingi ni *nikujaga*: nyama na viazi vilivyochemshwa kwa sosi ya soya na sukari.

*Okan* ni la Kansai, yaani Osaka na miji inayoizunguka, na wachekeshaji wa huko ndio waliolitembeza nchi nzima. Mwaka 2019 wachekeshaji wawili wanaojiita Milk Boy walishinda shindano kubwa la uchekeshaji la M-1 kwa kisa ambacho msingi wake ni *okan* aliyesahau jina la chakula anachokipenda asubuhi. Katika kisa hicho, kuweka *haha* mahali pa *okan* kungekiua papo hapo, kwa sababu *okan* humleta mbele yako mwanamke mzima mzima, mwenye sauti kubwa, maneno mengi na moyo wazi.

Ushauri wangu kwa mgeni ni kuyaelewa yote manne na kutotumia hata moja, isipokuwa *kaasan* akiwa na marafiki wa rika lake. Maneno haya yana mwenyewe: mwanamume fulani, wa eneo fulani, wa umri fulani. Mtu wa Pwani anajua anachohisi anapomsikia mgeni akiiga lahaja ya mtaa wake kabla hajajua kusalimia vizuri.

Anime hufundisha, ukijua nani anasema

Wapo walimu wanaowakataza wanafunzi wao kujifunza kwa anime. Siwaungi mkono. Ila mwanafunzi asichukue neno kabla hajatazama limetoka kinywani mwa nani.

Nyumba bora ya kujifunzia ni ya *Sazae-san*, inayoonyeshwa kwenye televisheni tangu 1969. Chini ya paa moja, Sazae, aliyekwisha kuolewa, humwita mama yake Fune *kaasan*. Mdogo wake wa kike, Wakame, husema *okaasan*. Masuo, mume wa Sazae, naye humwita mama mkwe wake *okaasan*. Mtoto wa Sazae humwita Sazae *mama*. Na mzee wa nyumba, Namihei, humwita mke wake mwenyewe *kaasan*. Mswahili hahitaji kufafanuliwa hilo la mwisho, kwani baba wa kwetu anayemwita mkewe "mama Asha" anafanya jambo hilohilo: mtoto akishazaliwa, majina ya wakubwa hupangwa upya kutoka pale anapokaa mtoto. Tofauti ni kwamba Mjapani halitaji jina la mtoto, husema *okaasan* tu, na tofauti nyingine ni kwamba desturi hiyo hubaki zaidi ndani ya nyumba. Jirani kwa kawaida hamwiti mwanamke huyo *okaasan* tupu. Atasema "mama wa fulani" kwa kirefu, au atatumia jina la ukoo.

Mfano wa pili ni Anya wa *Spy × Family*. Mtoto huyu mdogo humwita baba yake wa kulea *chichi* na mama yake wa kulea *haha*, uso kwa uso. Kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi, tafsiri itasema "baba" na "mama" na utamu wote umepotea. Mtazamaji wa Kijapani anamsikia mtoto akitumia maneno ya kutajia mahali pa maneno ya kuitia. Kosa ni la kitoto na linapendeza. Mimi naona ndani yake jambo zito pia: familia ile ni ya kuigiza, kila mmoja ana cheo badala ya mahali, na mtoto anawaita wazazi wake kwa majina ya vyeo. Mwanafunzi asiyejua mpaka wa *haha* na *okaasan* atamwiga Anya akidhani ndivyo watoto wanavyosema.

*Hahaue* nalo huwavutia wengi. Ni la nyumba za wapiganaji wa zamani, na leo liko kwenye tamthilia za kihistoria na kwa wahusika waliolelewa kwa mila kali, kama Rengoku wa *Kimetsu no Yaiba*. Ukilisema leo mezani, watu watadhani unaigiza.

Ukweni, ofisini na njiani

Anayeolewa au kuoa Ujapani ana swali lake, na jibu lake ni jepesi kuliko anavyohofia. Mama wa mwenzi wako, mwite *okaasan*, kama Masuo. Katika maandishi huwekwa herufi za "mama mkwe" lakini husomwa vilevile, *okaasan*. Kwa watu wengine utamtaja kuwa *gibo*, au kwa upole zaidi *shujin no haha*, mama wa mume wangu. *Shuutome*, yaani mavyaa, liache. Ni neno sahihi, ila limebeba ugomvi wote wa wake na mavyaa, na likimfikia masikioni halitakusaidia.

*Hahaoya* humtaja mama kama mzazi, bila kumwita na bila kumheshimu wala kumshusha: kwenye habari, fomu, ripoti ya polisi. Ukimwandikia mtu insha kuhusu akina mama kwa jumla, ndilo lako.

Kwa mama wa bosi au wa mwalimu wako, panda hadi *okaasama*. Akifiwa, salamu za rambirambi kwa maandishi humtaja marehemu kuwa *gobodou-sama*, neno ambalo ni nadra kulisikia kwenye mazungumzo, lakini kwenye barua ndilo rasmi zaidi. Kwa mdomo, *okaasama* linatosha.

Wanaowapokea watalii wa Kijapani huko Unguja, Arusha au Maasai Mara nao wamo katika jambo hili. Ni kweli kwamba Ujapani muuza samaki sokoni anaweza kumwita mteja *okaasan*, na mwalimu wa chekechea huwaita hivyo wanawake waliokuja kuchukua watoto wao. Lakini mwalimu anajua kwamba wana watoto, na muuza samaki amelindwa na soko lake. Mgeni wako huenda hana mtoto, au hakupenda kukumbushwa umri wake akiwa likizo. Soma jina kwenye orodha yako ya wageni, chukua jina la ukoo, weka *-san*: Tanaka-san, Satou-san. Kama orodha huna, sema *okyaku-sama*, mheshimiwa mgeni, kwa mwanamke na kwa mwanamume sawasawa.